Zumari la Baba na Kambi ya Asali

Zumari la baba lilikuwa mfuko wa ngozi unaobanwa kwapani, filimbi zimechomoza huku na huku. Aliachiwa na mzee mmoja wa Uskoti aliyekaa Kipalapala miaka mingi, siku anarudi kwao. Jamani, lile dude! Likianza kulia, mbuzi wa jirani nao wanaitikia. Tulikuwa tunamcheka hadi machozi, naye wala hajali.

Msimu ule wa kurina asali dude likapata kazi. Mwaka wa nyuma baba alipotea porini siku nne akifuata mizinga yake, na mama akaapa kwamba haendi tena. Kambi ya warina asali iko ndani huko, upande wa Goweko, simu hazishiki. Lakini baba bila mizinga ni mtu wa kushinda ameshika tama, hali haongei. Akaleta hoja: "Kila asubuhi nitapuliza. Ukinisikia, ujue mzima." Mama akasema sawa, ila tujaribu kwanza. Lisiposikika, asitaje pori tena.

Wakapatana. Saa mbili apulize kwenye bani la kukaushia tumbaku, saa tatu mtoni, saa nne kambini. Mimi nikawekwa shahidi, kana kwamba sina kazi zangu.

Saa mbili lilisikika lote, hata pale alipokosea. Saa tatu lilikuja vipande vipande, kwa kadiri upepo ulivyotaka; jirani akapaza sauti kuuliza nani anamkaba mbuzi. Saa nne nikazima redio, nikafukuza kuku, nikasimama katikati ya uwanja. Kimya. Roho iliniuma, maana nilitaka sana baba aende.

"Nasikia," mama akasema, kafumba macho.

"Mama! Mbona mimi sisikii?"

"Masikio yenu mmeyamaliza kwa simu. Nasikia vizuri. Aende."

Sikubisha. Ningebisha ili iweje?

Saa sita baba akatokea mbio, uso umevimba, jicho moja halifunguki. Kumbe dawa ya kulainisha mfuko ilimwishia, naye akaupaka asali, maana kwetu asali inatibu kila kitu, kuanzia kikohozi hadi kidonda. Kukaribia mizinga tu, kabla hajapuliza hata mara moja pale kambini, nyuki wakamvamia yeye na zumari lake. Mrina asali wa miaka yote hiyo! Nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Kwa hiyo kambini hukupuliza?" nikauliza.

"Nipulize saa ngapi? Nilikuwa nakimbia!"

Hapo kicheko kikanikatika. Mama alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso.

"Mama kasema amekusikia," nikaropoka.

Baba akamgeukia. "Umesikia nini, mama watoto?"

Mama akatoa kijiwe kwenye ungo, akakitupa.

"Zile siku nne ulizopotea nilikuwa nakusikia kila saa," akasema. "Na hukuwa na zumari. Kwa hiyo nenda tu. Nikikukatalia utashinda hapa umeinama, nami sitaki kukuona hivyo."

Baba akakaa chini kando yake, akawa anafuta lile jicho lisilovimba. Mimi nikaenda kuchemsha maji ya kumkanda.