Udongo Laini Aliomwekea Béata

Saa moja asubuhi, Mama Eugénie anapuliza makaa yake hapa mtaani Birere na kugeuza mahindi. Mwanamke mjamzito anasimama mbele yake, anauliza kama udongo upo. "Hakuna, mama," anamjibu bila kuinua uso. "Na usiutafute hapa mujini."

Wateja wa zamani hawajamzoea kama muuza mahindi. Tangu milimani Masisi hadi hapa Goma, Eugénie aliuza udongo wanaokula wajawazito. Aliukanda, akaukata vipande, akaukausha juu ya moshi. Mimba na udongo, kwa akina mama wengi wa huku, ni chanda na pete.

Kisha vita vikafunga barabara. Yeye na mwanawe Rémy walikimbia na nguo za mwilini tu, na kilima cha udongo kikabaki kwa wenye bunduki. Goma nayo ni jiwe tupu la volkano, udongo utautoa wapi? Akauona mtaani Kyeshero, pale mfereji wa mvua unapoingia ziwani: matope meusi, laini kama unga wa muhogo.

"Nilisema Mungu amenikumbuka," anasema.

Maskini, hakujua kilichoko upande wa juu wa mfereji ule. Kuna uwanja ambako watu hupasua betri kuukuu za magari na kumwaga maji yake. Mvua ikinyesha, madini ya risasi yaliyomo hushuka hadi ziwani, yakalala ndani ya matope. Ukiyachimba, sumu inaachiwa kwenye maji yaleyale ambayo watu wanachota kwa bidoni. Mtafiti aliyekuja kupima, Bwana Buhendwa, ndiye aliyemweleza hayo. Akaongeza kwamba matope yaliyo laini zaidi ndiyo hushika sumu nyingi zaidi.

Eugénie aliketi chini palepale. Udongo uliokuwa laini kuliko wote hakuuza hata siku moja. Alimwekea Béata, mke wa Rémy, aliyekuwa na mimba ya kwanza.

"Nilimupa na mukono yangu," anasema. "Alikuwa anafurahi."

Mtoto alizaliwa kimya, bila uhai. Daktari hakusema ni udongo. Alisema sababu zinaweza kuwa nyingi. Hilo halikumpoza Eugénie. Alilia mpaka sauti ikakauka, lakini Béata hakutoa chozi, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Bado wanaishi chumba kimoja. Kwa muda mrefu Béata alikataa kupokea hata chai kutoka kwa mkono wa mama mkwe wake. Sasa ana mimba tena, na hamu ya udongo imemrudia. Juzi alimfuata akanyoosha kiganja.

"Mama, kidogo tu."

Eugénie alikataa, akatoka nje, akalia.

Barabara ikifunguka, atarudia udongo wa kwao Masisi? Anatikisa kichwa.

"Hata ule sitaushika tena. Nangojea mutoto tu. Alie. Alie sana, majirani wakasirike. Nitamubeba mimi, kama mama yake atakubali."