Vita vya Abaari na Lori la Nur

Nur hajawahi kumpiga mtu kofi, lakini watu aliowaua kule Abaari hawahesabiki. Kila Ijumaa jioni, akitoka kuswali, anakaa nje ya duka la mke wake Khadija, anashika simu karibu na mdomo kama mtu anayekula mahindi ya kuchoma, na anaanzisha vita. Sisi majirani wake hapa Yamumbi, Eldoret, tunangoja kwenye grupu ya WhatsApp. Asipotuma, watu wananuna.

Abaari ni sayari aliyoitunga mwenyewe. Jina amelitoa kwa Kisomali, abaar, yaani ukame. Wenyeji wake wana matumbo mawili, la leo na la kesho. La leo likikosa kitu wanavumilia. Lakini la kesho likishikwa na wasiwasi, basi, mikuki inatoka, hata kama wameshiba mpaka wanacheua. Wanakula nafaka inayoota juu ya mawe, na mvua ya huko inakuja ikijisikia. Wanapigana, wanapatana, wanasahau, wanapigana tena. Siku moja nilichoka nikamwambia, "Baba Sabrina, hao watu wako ni wajinga." Akasema, "Si wajinga, Mama Kim. Ni waoga."

Hayo hakuyatoa hewani. Alizaliwa upande wa Isiolo, na alikuwa mdogo ukame ulipomaliza ng'ombe wa baba yake. Wale wachache waliobaki walichukuliwa na watu waliokuwa na njaa kama yeye. Alikuja Eldoret akiwa turnboi, yaani msaidizi wa dereva wa lori, akajifunza kuendesha, na sasa ana lori lake kuukuu la kubebea mahindi kutoka mashamba ya Kiplombe na kwingine. Foleni ya kushusha mahindi inaweza kukuotesha ndevu, na hapo kwenye foleni ndipo alianza kuwapigia madereva wenzake hizi hadithi.

Sasa ikafika mwaka wa kura, na mnajua vile huku huwa. Hakuna mtu amesema kitu, lakini kila mtu anasikiliza. Mimi na mume wangu Waweru ni Wakikuyu. Elfu mbili na nane, kwa vurugu za baada ya kura, tulitoka hapa na nguo za mwilini tu, nyumba inaungua. Tulirudi, tukajenga tena, tukanyamaza. Lakini kuna neno moja halitamkwi kwetu, nalo ni madoadoa. Mtu wa kwingine atafikiri unaongea juu ya maharagwe. Huku, mwaka ule, madoadoa tulikuwa sisi, watu wa kutoka nje, na kuondoa madoadoa ilikuwa ni kutuondoa sisi.

Ijumaa hiyo tulikuwa mezani. Nikaweka simu kwa sauti, na Nur akaanza vizuri tu, mawingu yanakusanyika Abaari, matumbo ya kesho yanaguna. Halafu akasema kwa ile sauti yake nzito, "Mfalme akapanda juu ya jiwe, akawaambia watu wake: ondoeni madoadoa kabla mvua haijanyesha." Akatuaga mpaka wiki ijayo, inshallah.

Waweru akarudisha tonge kwa sahani. "Huyo anatuambia kitu."

"Ni hadithi, Baba Kim."

"Nur anazunguka mashamba yote na hilo lori. Amesikia watu wakipanga. Hawezi kusema waziwazi, ndio anatupitishia kwa hadithi."

Niliangalia grupu. Siku zote huwa wanajaza vicheko, lakini siku hiyo hata kidole gumba hakuna aliyetuma. Haki niliogopa, nikaogopa vile niliogopa mwaka ule.

Asubuhi Waweru akaenda kukodisha lori, na lori ni la nani kama si la Nur mwenyewe. Alimwambia tunahama, tunaenda kwa dada yake Ol Kalou. Nur hakuuliza kitu. Baadaye ndio nilijua ya kwamba kwa kina baba yake mtu akihama haulizwi sababu, anasaidiwa tu kufunga mizigo. Sisi tukaona amenyamaza, tukasema basi, ni kweli. Alileta lori mpaka mlangoni, akapandisha makochi, masufuria, mabati niliyokuwa nimeweka ya jikoni, akifunga kamba polepole na uso umeinama. Khadija akaniletea chai kwenye chupa na akaniangalia kama mtu wa msiba. Hasira ilinipanda. Hawa watu wanajua, wanatulilia, na hakuna hata mmoja anafungua mdomo.

Mama Jerop, mzee wetu wa Kikalenjin wa nyumba ya pili, akaja na kibuyu cha maziwa. Aliona lori, akasimama. "Wacera, unaenda na hukuniambia?" Waweru akajifanya anatafuta kamba. Hapo uvumilivu ukaniishia.

"Nur," nikasema, "shuka hapo juu. Niambie ukweli mbele ya huyu mama. Ni lini?"

"Ni lini nini?"

"Kuondoa madoadoa."

"Ah, hayo?" Akafurahi kabisa, mpumbavu. "Hayo ni Ijumaa ijayo, Mama Kim. Usiniharakishe. Kwanza lazima wachambue nafaka yote, ile yenye madoadoa inaozesha ghala."

Nilikaa chini hapo kwa vumbi. Nilicheka mpaka machozi, halafu nikalia kabisa, halafu nikamtukana kwa Kikikuyu, na ni vizuri hajui Kikikuyu. Nur alikuwa anatuangalia mmoja mmoja, haelewi ametukosea wapi. Alikuja huku mambo ya mwaka ule yameshapita, kwa hivyo Mama Jerop ndiye alimweleza hilo neno lilikuwa nini. Hakulipunguza. Mwisho akasema, "Na lilitoka kwa midomo ya watu wangu."

Nur alivua kofia. "Walahi sikujua," akasema, na akarudia, akiangalia mikono yake. Alikuwa amebeba kitanda chetu kwa mikono hiyo.

Moyo wangu ulikuwa mwepesi hata nikaona aibu. Hakuna aliyepanga kitu, hakuna mtu anakuja. Lakini Waweru bado alikuwa ameshika kamba, na nilijua vile anafikiri. Tulikuwa tumeshapakia. Tumbo lake la kesho halikuwa limetulia.

Nikamwambia Nur, "Hakuna kitu kitashuka kwa hilo lori mpaka umalize hivyo vita. Sasa hivi."

"Sijapanga mwisho, Mama Kim."

"Panga."

Akaegemea gurudumu, akafikiri. "Mvua ilikuja mapema," akasema. "Ikawapata bado wanachambua. Hakukuwa na wakati tena. Wakapanda nafaka yote."

"Na ile ya madoadoa?" Waweru akauliza, bila kumwangalia.

"Iliota."

"Na watu wakahama?"

"Hakuna aliyehama, Baba Kim."

Waweru akaanza kufungua fundo, akapanda juu ya lori, akashika kitanda upande mmoja. Nur akashika ule mwingine, na wakakirudisha ndani.