Jemedari Mwenye Sura ya Jirani

Dada yangu mkubwa ni fundi cherehani, na wateja wanamwita Pini kwa sababu huongea huku pini zimejaa mdomoni. Anashona sare za shule, magauni ya harusi na mapazia ya ofisi. Mimi ni kitinda mimba, nafanya kazi naye, natoboa matundu ya vifungo na kupiga pasi. Katikati yetu yupo kaka, fundi wa friji, ambaye anaendelea kuisimulia habari hii kombokombo kila anakokwenda. Ndiyo maana nimeamua kuisema mwenyewe.

Nianze kwa kusema kwamba filamu za Kikosi cha Dhoruba mimi sizipendi. Watu wazima waliovaa nguo za kubana wanarukaruka juu ya mapaa, mji mzima unabomoka, halafu hakuna anayeuliza nani atafagia. Lakini dada na kaka walishikwa na ugonjwa huo tangu utotoni, wakitazama kanda moja iliyochakaa mpaka sauti ilikuwa inafika kabla ya midomo kufunguka. Walipokua wakaanzisha Chama cha mashabiki. Wanachama hukutana Jumamosi kwenye karakana ya kaka, wanakalia friji mbovu zilizolazwa chali, wanabishana hadi mishipa ya shingo inawatoka, na wanaobishaniwa hawajawahi hata kuzaliwa. Kaka ni mwenyekiti, mwalimu mmoja wa hesabu ni katibu, na dada hana cheo.

Kila filamu mpya inapofika, wanachama huvaa kama mashujaa wao na kutembea kwa mstari kutoka karakana hadi ukumbi wa sinema. Anayetangulia ni Jemedari, mkuu wa Kikosi, mwenye koti refu la kijivu na kola iliyosimama. Koti hilo alilishona dada, na aliyelivaa miaka yote ni kaka. Sasa, Jemedari wa kwenye filamu ni mzungu mrefu mwenye nywele za njano na macho kama sabuni ya bluu. Kaka yetu ni mfupi, mweusi ti, na tumbo limempita mbele. Kila filamu mpya ilimaanisha koti kurudi dukani likapanuliwe kiunoni. Hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kusema kwamba kaka hafanani na Jemedari. Walimpigia makofi, naye akapunga mkono, na dada akafuata nyuma kabisa na sindano mkobani, endapo mshono wa mtu ungeachia njiani.

Wapo wanaodhani Chama kile kwa dada kilikuwa mchezo tu. Dada hakuolewa, hana mtoto, na wiki yake nzima huisha akipima viuno vya watu ambao nusu yao hata salamu hawajibu. Jumamosi ilikuwa siku pekee aliyokaa na watu wanaopenda anachokipenda, akasikilizwa, akacheka mpaka machozi. Ukimwondolea Jumamosi, unambakishia mapazia.

Basi ikatoka habari ya filamu mpya. Jemedari wa zamani alikuwa ametumbukia shimoni mwishoni mwa filamu iliyotangulia, na koti lake likaokotwa na fundi mitambo wa Kikosi, mwanamke. Mweusi, mpana wa mabega, mwenye mwanya. Huyo ndiye Jemedari mpya. Mabango yakabandikwa mji mzima, uso wake umejaa ukuta kutoka chini hadi juu, na maandishi makubwa: HATIMAYE, SURA YAKO.

Karakana iliwaka moto.

"Hili si suala la rangi," kaka alisema Jumamosi hiyo, amesimama kando ya friji iliyopasuliwa mgongo. "Ni suala la heshima. Jemedari tunamjua. Ana sura yake."

"Kampuni inatafuta sifa," katibu akaongeza. "Wangemwandikia huyo mama hadithi yake, wakampa jina lake. Kwa nini avishwe la mtu?"

"Trela nimeiona," mwingine akadakia. "Inatosha. Filamu imeshaoza hiyo."

Dada alitema pini kiganjani. Mimi, niliyemsindikiza, nikajua mambo yameharibika, maana dada hatoi pini mdomoni kwa jambo dogo.

"Wewe umekuwa Jemedari miaka yote hii," akamwambia kaka. "Una nywele za njano?"

Watu wakaangua kicheko. Kaka hakucheka. Alijifuta mikono kwa tambara.

"Mimi nilikuwa naigiza, dada. Kutwa nzima niko chini ya friji za watu, natukanwa kwa sababu maji hayagandi. Nikivaa lile koti nakuwa mtu wa mbali kabisa. Raha yake ndiyo hiyo. Sasa Jemedari akiwa na sura ya jirani yangu, nitakuwa nimekwenda wapi?"

 Na mimi nitasema kweli, nilimwonea huruma, maana lile neno lilimtoka moyoni.

"Wewe ulikwenda ukarudi," dada akajibu. "Mimi sijawahi kuondoka. Nilibaki nyuma na sindano. Huyo jirani unayemsema ni mimi."

Kaka aliangalia sakafu. Nilidhani angesema samahani, lakini wenzake walikuwa wanamtazama, na mwanamume akitazamwa na wenzake huwa hasemi samahani. Alisema wapige kura. Ikapitishwa kwamba Chama hakitakwenda kuitazama filamu hiyo, na atakayevaa vazi lolote la Chama siku ya maonyesho ahesabike amejitoa. Mikono yote ya wanachama ilinyooka isipokuwa wa dada. 

Katikati ya wiki akaja dukani binti wa matangazo kutoka kampuni ya filamu. Alinukia vizuri, simu mkononi, tabasamu limetangulia. Alikuwa amesoma ugomvi wetu mtandaoni, ambako katibu aliumwaga wote.

"Shikamoo mama. Habari yako imenigusa sana."

"Marahaba," dada akasema, na pini zake mdomoni.

Alichotaka ni picha. Dada avae koti, asimame upande mmoja wa bango, kaka asimame upande wa pili amekunja mikono na kununa. Alitueleza bila hata aibu kwamba mashabiki wakigombana, ukumbi unajaa.

"Lile bango linasema sura yangu," dada akamwambia.

"Ndiyo, mama. Tumewatengenezea ninyi."

"Sura yangu naijua. Kioo kile pale ukutani. Huyo mwanamke anafanya nini kwenye filamu?"

"Ni wa kwanza wa aina yake."

"Nimeuliza anafanya nini."

Binti alitazama simu kama vile jibu lingetokea humo. "Anaokoa dunia, nadhani."

"Wale wengine mlipowabandika ukutani mliandika wana nguvu gani na adui wao ni nani. Hata yule mwenye mkia mlimwandikia. Huyu mmetuonyesha ngozi, basi, halafu mnangoja tushukuru." Dada alirudi kwenye cherehani yake. "Picha sikupi. Na kaka yangu usimguse, huyo ni ugomvi wangu mimi."

Nilitamani kupiga makofi. Binti aliacha vipeperushi juu ya meza, na dada akavitumia siku hiyohiyo kukatia ruwaza ya mfuko wa suruali.

Koti lilikuwa kwetu, kwa sababu kaka alikuwa ameshalileta lipanuliwe kabla mambo hayajachafuka. Alhamisi mchana dada alilitoa kabatini, akalitandaza mezani, akalipiga chaki.

"Dada, hilo ni la Chama," nikamwambia.

"Nimelikata mimi, nimelishona mimi, nimelipanua mimi."

"Watakufukuza."

"Najua."

"Huogopi?"

"Naogopa sana," akasema, akaushika mkasi. Halafu akakata. Kitambaa kile ni kizito, kinalia kikikatwa, na mpaka leo nausikia ule mlio. Alipunguza kiuno cha kaka, akaachia kifua, akaweka mabega mapya ya kipimo chake mwenyewe, kwa sababu Jemedari mpya hana mabega ya kuazima, na dada naye hana. Alipolivaa mbele ya kioo hakutabasamu wala hakujigeuzageuza kama wateja wetu. Alijikagua kama anavyokagua kazi ya mtu mwingine, akaona uzi umening'inia, akaukata.

Siku ya maonyesho tulitoka dukani baada ya chakula cha mchana, jua kali, watu barabarani. Yeye mbele, mimi nyuma na mkoba wa sindano, nikimlaani kimoyomoyo kwa kunitia katika jambo la filamu nisizozipenda. Wauza simu walimwita. Mtu mmoja akauliza kama kuna sherehe. Tulipofika ukumbini, nani tunawaona ng'ambo ya barabara, nje ya duka la matairi? Chama kizima. Wamegoma, lakini hawakuweza kukaa nyumbani. Walikuja kuhesabu nani anaingia.

Kaka alimwona. Naapa nilimwona akishika kiuno chake, pale ambapo koti lilikuwa likimbana. Katibu alipiga mluzi wa dhihaka, na wengine wakafuata. Mluzi wa mgeni haukuumi. Ule wa watu uliowashonea mpaka soksi unaingia ndani. Dada alisimama kidogo. Binti wa matangazo alikuwa mlangoni amekwishainua simu, basi dada akainua kola, akampa mgongo, akaingia.

Mstari wa mbele ndio wa Chama siku zote. Tulikaa sisi wawili, na viti vingine vyote vya mstari ule vilikuwa vitupu.

Na filamu, jamani, ilikuwa mbovu. Siyo maneno yangu tu, mimi kwangu zote ni mbovu. Dada mwenyewe alishika kichwa. Adui alikuwa na hotuba ndefu kama mgeni rasmi, na mwisho haukuwa na kichwa wala miguu. Lakini kulikuwa na mahali yule mwanamke anatengeneza mtambo huku kila mtu akimpigia kelele aache, ameshika parafujo kwa meno. Nilimtazama dada. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakujishughulisha kuyafuta.

Jumamosi nilimwambia asiende karakanani. Alivaa koti lake akaenda, nami nikamfuata. Alikaa kwenye friji aliyozoea kukalia, akakunja nne.

"Una ujasiri," katibu akasema. "Ajenda ya kwanza ni wewe."

"Sawa. Tuanze na filamu, maana kosa langu limetoka humo. Nani ameitazama?"

Hakuna mwanachama aliyeinua mkono.

Niwaeleze wasiojua. Chama kile kina kanuni mbili tu, na zote zilitoka kinywani mwa kaka. Ambaye hajaitazama filamu hana kauli juu yake karakanani. Na aliyeitazama haruhusiwi kumfichulia mwisho ambaye hajaitazama. Kwa kanuni hizo walishawahi kuwanyamazisha watu wazima wenye familia zao. Sasa walikuwa wamejaa karakana nzima, wote wamegoma, na mwanachama mwenye haki ya kufungua mdomo ni mmoja.

"Hiyo ni hila," katibu akasema.

"Hiyo ni kanuni. Na kabla hamjanifukuza, nitasema yangu kwa sababu ni mimi tu ninayeruhusiwa. Ilikuwa mbovu. Mwisho wake nimeuchukia. Nina maneno ya kutwa nzima juu ya ule mwisho na sina wa kubishana naye, na hicho ndicho kinachoniuma kuliko huko kufukuzwa kwenu."

 Hakuna aliyemdhihaki. Mmoja akajikuna kichwa, mwingine akasogea mbele kwenye friji yake, na nilimwona katibu akiuma mdomo, maana shabiki ni shabiki, ukimnyima habari anawashwa mwili mzima.

Kaka ndiye aliyeshindwa kwanza. "Yule wa zamani," akasema polepole, "aliyetumbukia. Amekufa kweli?"

"Kanuni ya pili."

"Dada, mimi ni mwenyekiti."

"Ndiyo maana nakukumbusha."

"Niambie kama ndugu, basi."

"Kama ndugu nitakwambia hivi." Dada alisimama, akasogea mpaka akawa mbele yake. "Tangu tuko watoto nimemshangilia mtu ambaye hafanani na mimi kwa lolote. Sauti si yangu, mwili si wangu, hata kilio chake si changu. Nikampenda. Nikamlilia alipotumbukia. Hakuna aliyeniuliza nimekwenda wapi nilipomtazama. Mlidhani nimezaliwa najua kumpenda? Nilijifunza. Na ninyi mtajifunza."

Kaka alilitazama koti, kifua kilivyokaa, mabega yalivyoshika. Alikuwa na sura ya mtu aliyepigwa na bado hajajua wapi.

"Na nisipompenda?"

"Usimpende," dada akasema. "Lakini kamchukie ukiwa umekaa pale mstari wa mbele, umemtazama usoni. Halafu uje tubishane."