Mwaka Aliozaliwa Rozalia

Rozalia alikosa swali la kwanza kabisa, tena swali la mtoto wa chekechea. "Umezaliwa mwaka gani, bibi?" daktari aliuliza. Akajibu bila kusita, "Arobaini na mbili, mwaka wa njaa." Daktari akatazama kitambulisho. Thelathini na tisa. Akamwekea kosa. Binti yake, aliyetoka Athene kwa ajili hiyo tu, akashusha pumzi. Walishakubaliana: akifeli vipimo vya kumbukumbu, nyumba yake kisiwani Siro inafungwa, mama anahamia Athene.

Rozalia alitoka mle kichwa kikimzunguka. Mama yake si alimwambia mara mia kwamba alimbeba tumboni kipindi cha njaa ya vita, akila mboga za mlimani? Au ndiyo mambo ambayo ubongo ukichakaa hujitungia? Siro watu husherehekea siku ya mtakatifu wa jina lao. Miaka ya kuzaliwa nani huihesabu? Masikini, alikuwa hajiamini tena hata kidogo.

Akaenda kwa kaka yake Frangisko, mzee wa miaka themanini, akamkuta anachambua dengu.

"Kaka, nimeanza kuwehuka?"

"Huwehuki. Kile kitambulisho si chako."

"Cha nani basi?"

"Cha Rozalia."

"Rozalia si mimi?"

"Wa kwanza. Alikufa kwa njaa, ana miaka miwili. Mama akanyamaza, maana kadi yake ya mgao wa mkate ingefutwa. Mkate wa marehemu ndio aliokula akiwa na mimba yako. Ulipozaliwa ukapewa jina na karatasi zake. Shuleni si walisema umedumaa, kumbe karatasi zilikuzidi miaka mitatu!" Akacheka peke yake.

Kesho yake walikwenda wote wawili. Daktari akasikiliza, akafuta lile kosa. "Utabaki kwako, bibi." Lakini kalamu hakuiweka chini. Wapo watafiti, alisema, wanaoshuku kwamba ubongo ulionyimwa chakula tumboni huweza kuchoka mapema uzeeni. Hakuna mwenye hakika. Ila aje kila miezi sita.

"Sasa nimefaulu au nimefeli?"

"Umefaulu," daktari alisema, macho kwenye karatasi.

Nje, Rozalia hakujua afurahi au alie. Akamshika kaka yake mkono.

"Yule wa kwanza amezikwa wapi? Nimpelekee maua."



"Hatukuweka msalaba, mdogo wangu. Tungejulikana."