Konzi ya Ngano Juu ya Kaburi

Nilipokuwa mtoto, nilishiriki jambo lililoitwa Ziara ya Kielimu ya Kutembelea Vivutio vya Kihistoria na vya Pwani. Ndivyo lilivyoandikwa ubaoni, kwa chaki ya rangi. Wilaya yetu ya Hanang haina pwani. Lakini shule rafiki ya jimbo moja huko Wales ilikuwa imetutumia picha za ngome yao ya kale na za bahari yao, ikauliza sisi tuna nini, na wakubwa wa elimu hawakutaka wilaya ionekane mikono mitupu. Ikaamuliwa kwamba ngome yetu itakuwa kaburi la kale la Wabarabaig, wafugaji wa zamani wa nchi hiyo, lililobaki katikati ya mashamba ya ngano ya serikali, na pwani yetu itakuwa Ziwa Balangida.

Aliyefurahi kuliko wote alikuwa Mwalimu Sefu. Alikuwa mtu wa Tanga, aliyepangiwa shule yetu ya Gehandu bila kuulizwa, na tangu ashuke kwenye basi hakuwahi kuona maji yasiyo ya ndoo au ya mvua. Wiki nzima kabla ya safari hakuchapa mtu.

Bibi yangu alipoisikia njia tutakayopita, aliacha kupepeta mtama.

"Pale pana mwenyewe," alisema. "Ukifika, chuma nyasi mbichi, mwekee, umsalimie. Anayepita mikono mitupu hafiki anakokwenda."

"Lakini Bibi, sisi si Walutheri?"

"Kwani Mlutheri hapigi hodi?"

Tulikwenda kwa tela la trekta, tumesimama kama magunia. Kaburi lilikuwa kichuguu kikubwa cha udongo, kirefu kuliko Mwalimu, na pande zote ngano mbichi mpaka macho yalipokoma. Mwalimu Sefu alitoa maelezo ya kihistoria haraka haraka, jicho moja likiwa barabarani. Mimi nilitafuta nyasi. Hapakuwa na nyasi. Majembe ya trekta yalikuwa yamefika hadi miguuni pa kaburi, na kilichosalia kilikuwa kimemalizwa na dawa ya magugu. Wenzangu walikuwa wameshaanza kupanda tela. Nikachuma konzi ya ngano, nikaiweka juu ya kaburi, nikasema shikamoo.

"Wewe!"

Alikuwa mlinzi wa shamba, Bwana Tluway, Mwiraqw kama sisi, juu ya baiskeli na kofia ya kazi.

"Mwalimu, huyu mtoto amehujumu uchumi."

"Kwa konzi moja?"

"Mali ya umma haina konzi. Geuzeni trekta, twende ofisini."

Ofisi ilikuwa tulikotoka, mbali. Kwenda huko kulikuwa na maana moja tu: ziwa basi. Nilianza kulia. Mwalimu Sefu alitazama jua, akatazama barabara ya ziwani, na uso wake ukawa wa mtu anayenyang'anywa sahani kabla hajanawa.

"Sawa," akasema hatimaye. "Lakini kesi inataka kidhibiti. Kichukue twende."

Bwana Tluway aliitazama ile ngano juu ya kaburi. Akapiga hatua moja kupanda, akashuka.

"Msomi ni wewe, Mwalimu. Kichukue wewe."

"Mimi Muislamu, bwana. Mambo haya hayanihusu."

"Kama hayakuhusu, yatakudhuru nini?"

"Ndiyo maana siyagusi."

Wakamgeukia dereva. Dereva, ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa, akasema trekta lile likiachwa peke yake huzima.

"Basi mtoto mwenyewe," Bwana Tluway akasema. "Si ndiye aliyeweka?"

"Nimeshampa," nikajibu kwa kwikwi.

Upepo uliinamisha ngano yote mara moja, ikainuka tena. Bwana Tluway akavua kofia.

"Bibi yako ni nani?"

Nikamtajia.

"Msalimie," akasema, akapanda baiskeli yake.

Tulifika ziwani alasiri. Mwalimu Sefu alivua viatu, akakunja suruali, akaingia mpaka magotini, akachota maji kwa kiganja na kuyaonja.

"Yana chumvi," akasema. Kisha akatugeuzia mgongo, akachota tena.

Sijui mpaka leo kama mwenye kaburi aliisikia shikamoo yangu. Ninachojua ni kwamba niliona watu wazima watatu wakishindwa kumnyang'anya alichopewa, na wakati ule nililichukulia jambo hilo kuwa ulinzi wa kaburi. Bibi, nilipomsimulia, aliuliza tu kama Mwalimu, kwa kufikishwa ziwani, alishukuru.

Wales tuliwajibu kwamba na sisi tuna kaburi la kale, na linatunzwa.

Msimu uliofuata lilisawazishwa kwa trekta, pakapandwa ngano.