Vidonge Nilivyomeza Kabla ya Kipimo

Kanisani kwetu, hapa mtaani Bel-Air, wachumba hawatangazwi mpaka wampelekee mchungaji karatasi za hospitali. Wiki moja kabla ya kupima, vidonda vikanitoka sehemu za siri. Kwa haya, mjinga mimi, nikakimbilia kwanza kwa muuza dawa wa sokoni. Akanipa aciclovir, vidonge vya kupunguza virusi vya malengelenge ya sehemu za siri. Nilimeza siku tano, vidonda vikaanza kukauka, ndipo nikaenda hospitali.

Muuguzi alipitisha pamba kwenye kidonda kilichobaki. Jibu likaja: négatif, yaani virusi havikuonekana. Nilicheka kwa furaha, nikamtajia vile vidonge. Yeye hakucheka.

“Mama, ulikunywa dawa mbele ya kupima? Basi hii karatasi haisemi kama hauko na bugonjwa. Dawa ilipunguza virusi, pamba haikukamata kitu. Kama vidonda vinarudia, ukuye mbio, mbele ya kumeza hata kidonge moya.”

Niliikunja karatasi, nikampelekea mchungaji bila kumtajia yeye wala mchumba wangu vile vidonge. Jumapili mchungaji alitutangaza. Mchumba wangu akanishika mkono, akaninong'oneza: “Tushukuru Mungu, tuko bazima bote.”

Kanisa lilipoitikia amina, sauti yangu ilizishinda zote.