Sweta la Mama, Namba ya Mtani

Niseme mapema: mimi bado nina hasira. Watu wananiambia, mama yako ameshasamehe, na wewe samehe. Mama ni mama. Mimi sijasamehe, na nimewahi kuandika sasa hivi kabla moyo haujalainika nikaanza kuandika upole.

Kwetu ni Iringa mjini, kule juu, ambako asubuhi ya mwezi wa sita ukifungua mdomo unatoa moshi kama lori la mbao. Baridi hiyo ndiyo inatulisha. Mama anafuma masweta ya shule. Ana mashine ya kufumia, ile ya mezani, ina kigari unakisukuma kushoto, unakirudisha kulia, krrap, krrap, kutwa nzima. Mimi nilimaliza darasa la saba, majina ya waliochaguliwa yakabandikwa, nikasoma ukuta wote juu mpaka chini, langu halipo. Jumatatu yake nikakaa kwenye mashine. Sikulia sana. Mashine haina mtihani wa hisabati.

Sasa sikiliza kitu kimoja kuhusu masweta ya mama, maana ugomvi wote uko hapo. Mama hamalizii mkono wa sweta pale mkono wa mtoto unapoishia. Anaongeza vidole vinne, halafu anakunja. Mtoto anaanza darasa la nne amekunja, kila mwaka anakunjua kidogo, mpaka anafika la saba sweta bado lake. Ukikutana naye njiani unaona mkononi pete ya rangi mbichi na pete ya rangi iliyopauka, unajua kabisa huyu analivaa mwaka wa tatu. Kuanzia Ilula mpaka Nyololo wazazi hawasemi "nataka sweta." Wanasema "nataka lile la kukunja." Hilo ndilo jina la mama. Hana bango, hana duka lenye kioo. Ana mkono wa kukunja, basi.

Tovuti niliitaka mimi. Kuna shule moja ya binafsi karibu na Nyololo, mama anaifumia tangu mimi sijui kuvaa viatu. Mwalimu mkuu wa zamani alistaafu, akaja mpya, mwanamke mmoja mchangamfu, mtu wa mtandao. Akatupigia simu: kamati ya wazazi inataka mtu wa sare mwenye tovuti, waone kazi zake, wapige, waagize, wasibahatishe.

Mama akaniuliza, "Tovuti ndiyo nini?"

"Ni duka lisilo na mlango."

"Sasa wateja wanaingilia wapi?"

"Kwenye simu."

"Yangu hata tochi imekufa," akasema, akarudi kwenye krrap krrap zake.

Kulikuwa na kijana mmoja ana stesheneri yake Mbeya, pale Mwanjelwa, anatengeneza tovuti na kadi za harusi. Dada yake ameolewa nyumba ya pili kutoka kwetu, kwa hiyo akija kumsalimia lazima apite kwetu. Yeye Mngoni, sisi Wahehe. Kama hujui maana yake, ni hivi: mababu walipigana mpaka wakachoka, wakatuachia wajukuu utani. Mtani anaweza kukutukana katikati ya msiba wenu, au kukuita mla mbwa kama Wangoni wanavyotuita sisi, na mkacheka. Anaweza kukamata kuku wako, anakuangalia machoni, anasema, "Nimechukua, mtani," anaondoka naye. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye kosa.

Akaja na laptop kwapani. "Shikamoo mama. Mbwa wenu simwoni, mmeshamla?"

"Marahaba. Tulikuwa tunakusubiri wewe ulete chumvi," mama akajibu bila kusimamisha kigari. "Na usikae karibu na mlango. Nyie mkisikia Mhehe anakohoa mnatafuta pa kukimbilia."

Basi, ndiyo tumeanza hivyo. Kijana akataka picha ya tovuti, mama akaenda kuvaa kitenge cha kanisani na kilemba, akasimama mbele ya mashine mikono imebana ubavuni kama anapigwa picha ya kitambulisho.

"Cheka basi, mtani."

"Nicheke nini? Sijaona cha kuchekesha."

"Niangalie mimi."

"Nikikuangalia wewe nitalia."

Ndiyo akacheka sasa, picha ikatoka nzuri, mpaka leo ipo. Maneno aliandika yeye. Akanisomea: "Sisi ni kampuni inayoongoza katika kutoa suluhisho za mavazi ya kitaaluma." Nikamwambia, wee, kampuni ni mimi, mama na kuku wanne, suluhisho gani tunatoa? Akasema ndivyo tovuti zinavyoongea. Nikamwacha aweke. Hapo ndipo mtu wa darasa la saba anapokosea. Siyo kwamba hatuna akili. Tukisikia neno refu tunadhani limebeba kitu ndani.

Halafu akafika kwenye namba ya simu. Mama ana kile kisimu cha vitufe. Yangu mimi ni ya kupangusa, lakini kioo kilikuwa kimepasuka, upande wa kulia haugusiki, hata nikiandika "habari" inatoka "habar."

"Hizi simu zenu hazifai," akasema. "Niweke yangu kwanza. Mteja akipiga nawaunganisha. Mkinunua simu nzuri, tunabadilisha."

Nikamwambia, "Wewe utatuibia wateja."

"Nimeshawaibia, mtani!"

Tukacheka. Naomba uelewe, tulicheka wote watatu, mama mpaka akashika mbavu. Mtani kasema ameiba, wewe unafanya nini zaidi ya kucheka? Wakati wa kuondoka akavuta sweta moja la kijani kwenye rundo, saizi kubwa, akalivaa hapohapo. "Nimechukua, mtani." Mama akapiga makofi. "Chukua! Na baridi ya Mbeya ikakuache na akili kidogo."

Tovuti ikatoka. Sitadanganya, nilijisikia. Niliionyesha mtaa mzima, nikamwonyesha mpaka muuza mkaa. Nikapanda gari mwenyewe mpaka Nyololo, nikawaandikia pale shuleni kwenye ubao wa matangazo kwa mkono wangu, herufi kubwa: masweta yote agizeni kwenye tovuti, namba ipo. Kwa mkono wangu huu.

Baada ya hapo kimya. Mwezi wa tisa kimya, wa kumi kimya, wa kumi na moja ambao kawaida hatulali kwa kazi, kimya. Nikampigia mtani. "Mtandao bado haujawajua," ananiambia. "Mtandao ni kama mtoto mchanga, vumilieni." Nikaenda kumwambia mama mtandao ni kama mtoto mchanga. Mama akasema, "Mtoto mchanga angekuwa ameshalia."

Januari, siku chache kabla ya shule kufunguliwa, mwalimu mkuu akaingia kwetu na kiroba cha masweta. Hakukaa. Alikimwaga chini.

"Mama, nimekukosea nini?"

"Kamwene, mwalimu," mama akamsalimia kwa Kihehe. "Kaa kwanza."

"Sikai. Wazazi wamenijia juu. Wananiambia mwalimu mpya kaja kakata mikono ya watoto. Mmeanza kuwapima kwa rula siku hizi? Mtoto akinyoosha mkono kuchukua uji, sweta liko kwenye kiwiko!"

Mama akaokota moja. Rangi ni ile ya shule, nembo ni ile. Akavuta mkono wa sweta, ukakatikia pale pale, hauna cha kukunja. Akaligeuza ndani nje, akatazama mishono, akaligeuza tena.

"Hii siyo kazi yangu."

"Siyo yako vipi? Nimepiga namba iliyo kwenye tovuti yenu! Kijana kapokea, kasema ni mwanao wa Mbeya. Mzigo ukaja na basi la kutoka Mbeya, nikajua mmefungua tawi."

Mimi nilikuwa nimeshika kigari. Nilikisukuma mpaka mwisho kikachomoka, kikadondoka sakafuni. Ile miezi yote ya kimya, simu zilikuwa zinalia. Zinalia Mwanjelwa. Watu wanaangalia picha ya mama yangu na kitenge chake cha kanisani, wanasema huyu namwamini, wanapiga, anapokea mtu mwingine, anampelekea kazi mfumaji mwingine huko huko Mbeya. Na aliyewapeleka kwake ni mimi, na herufi zangu kubwa.

Mwalimu alipoelewa alikaa mwenyewe bila kuambiwa. Lakini akasema jambo moja, na lilikuwa kweli. "Mama, mimi nimekuelewa. Wale wazazi mia nitawaeleza mmoja mmoja? Wao wanajua sweta ni lako."

Kesho yake tulikuwa Mbeya. Mimi njia nzima nilikuwa napanga matusi. Mpaka Makambako nilikuwa nayo kumi, Igawa nimefika ishirini na mengine nimeyapanga kwa herufi. Mama alikuwa dirishani anafuma kwa sindano za mkono.

Tulimkuta stesheneri imejaa wanachuo wanasubiri kuchapisha kazi zao. Na amevaa lile sweta letu la kijani! Mikono ameikunja vizuri kabisa.

"Watani!" akapaza sauti. "Leo mmeshuka mlimani, mbwa wameisha?"

Nikafyatua matusi, ila yale ishirini yote yalinikimbia, nikabaki na moja tu, tena la kitoto, silirudii hapa. Wanachuo wakageuka. Yeye akacheka akawaambia, "Msishtuke, huyu mtani wangu." Halafu akanigeukia, sauti chini kidogo. "Si nilikwambia nimewaibia? Ukasikia kwa masikio yako, ukacheka. Mtani hakasirikiwi bwana."

Unajua kitu kibaya? Ni kweli alisema. Ni kweli nilicheka. Mtu amechukua kitu cha babu zangu amekifanya kichaka cha kujifichia, na mimi nimesimama hapo kama nguzo.

Mama ndiye aliyesogea. Akaifunga laptop iliyokuwa kwenye kaunta, taratibu, kama anafunika sufuria, akaichomoa waya, akaitia kwenye mfuko wake wa nyuzi.

"Nimechukua, mtani," akasema.

"Aa mama, hiyo hapana, watu wana kazi zao humo..."

"Mtani hakasirikiwi."

Stesheneri nzima ilicheka. Mzee mmoja aliyekuja kutoa kopi ya cheti akasema, "Kijana, hapo huna kesi. Umechukuliwa mchana kweupe, na mwenyewe unaona." Jamaa alizunguka kaunta akanyoosha mkono, mama akamtazama tu, mkono ukarudi. Mwanachuo mmoja alikuwa anataka kulia, ripoti yake imo ndani ya mfuko wa nyuzi.

Ndipo mama akaongea, na hakupandisha sauti. "Hilo sweta ulilovaa ulilichukua mbele yangu. Nikaona, nikapiga makofi. Ni lako, livae mpaka lioze. Ule ndio utani. Lakini simu ya mwalimu ulipokea nikiwa sioni. Ukasema wewe mwanangu. Mimi nilikuzaa lini? Mtani anachukua unamwangalia. Ukimgeuzia mgongo akachukua, huyo ana jina lingine, na hilo jina siyo la Kingoni wala la Kihehe. Lipo kila kabila."

Hakucheka mtu. Hata yeye.

Mimi nilitaka polisi. Nilitaka aburuzwe na sweta lake. Mama akasema kwanza namba. Akatoa laptop, akaiweka kaunta, mkono wake ukabaki juu ya kona, na jamaa akafungua ile tovuti yetu. Nikamwambia atoke kwenye kiti. Nikakaa mimi. Nilifuta namba yake tarakimu moja moja, na kila ikiondoka nilikuwa namwangalia. Nikaandika ya mama, ile ya kisimu cha vitufe. Pasiwedi nikabadilisha, nikamwambia geuka ukutani. Akageuka! Mbele ya wateja wake. Halafu nikaifuta ile "kampuni inayoongoza" na suluhisho zake zote, nikaandika kama tunavyoongea: "Sweta letu lina mkono wa kukunja. Kama halikunjiki, sisi hatukulifuma."

Unadhani yameisha? Tulivyorudi Iringa nikakuta mama anafumua. Kile kiroba cha mwalimu. Anafumua ncha za mikono ya masweta ya yule mfumaji, moja moja, anaunganisha uzi wetu, anaongeza vidole vinne.

"Mama, hayo siyo yetu!"

"Najua."

"Sasa unatengeneza kazi ya mwizi?"

"Mtoto atakayelivaa hajui habari za mwizi. Mama yake atasema ni la yule wa Iringa." Akanisogezea rundo. "Kaa."

Nilikaa. Nilifuma kwa hasira, na hasira inakaza uzi, kwa hiyo mikono yangu mimi ilitoka migumu kama gome. Mama akanifumulisha kumi nikarudia. Shule ilivyofunguliwa masweta yalikuwa Nyololo. Mwalimu akatupigia kwenye kile kisimu, akasema wazazi wamenyamaza. Hawakusema asante, wamenyamaza tu. Mama alifurahi. Mimi nikauliza, hayo ndiyo malipo, kunyamaziwa?

Yule jamaa bado anakuja kwa dada yake. Juzi alipita na lile sweta, ameshaanza kukunjua mkono, pete ya kijani kibichi inaonekana kabisa. Akasimama getini, hakuingia. "Shikamoo mama," akasema. Mbwa hakuuliza.

"Marahaba," mama akajibu, krrap, krrap.

Nilinyanyua kuku wetu mkubwa aliyekuwa mlangoni, nikamwingiza ndani, nikafunga.